Kumkinga Mzima Si Kumtupa Mgonjwa

Liko suala lizungukalo majumbani mwetu nalo lataka jawabu. Akiugua mmoja wetu maradhi ya kuambukiza, je, kujikinga naye ni kukosa tawakali? Na kumtenga, ni kukata udugu?

Wako wasemao kuwa ajali imekwisha andikwa, basi ya nini kujihangaisha. Maneno haya yana sura ya imani, lakini wema waliotutangulia hawakuifahamu imani hivyo. Sayyidna Umar bin Al-Khattab alipokuwa akielekea Sham, alifika Sargh akapewa habari kuwa tauni imeingia nchi ile, nayo ndiyo tauni ya Amwas iliyoua watu wengi mwaka 18 Hijria (639 Miladi). Akaazimia kurudi. Abu Ubaida akamuuliza vipi ataikimbia kadari. Umar akamjibu kuwa yuatoka katika kadari moja kuingia katika nyingine, akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeteremka bondeni, upande mmoja majani na wa pili ukame: popote alishapo, amelisha kwa kadari. Basi kadari haimwondolei mtu wajibu wa kuchagua lililo bora.

La pili ni gumu zaidi, kwani tukishakubali kujikinga, wengi wetu huvuka mpaka. Tutazame kifua kikuu. Bibi mzee akohoa, apimwa makohozi, aonekana anacho. Kesho yake kikombe chake chatengwa, haitwi tena kwenye sinia, wajukuu wakatazwa hata kumpa mkono. Moyo wake wavunjika kabla kifua hakijapona. Na yote hayo ni bure! Kifua kikuu hakiambukizi kwa sahani wala kwa mkono. Hupita hewani mgonjwa akohoapo, khasa katika chumba kilichofungwa. Sisi twaficha kikombe na kufunga madirisha: mgonjwa tumemdhulumu, na wazima hatukuwakinga.

Dawa ya dhuluma hii ni elimu. Fungua madirisha. Mgonjwa afunike mdomo akohoapo, na alale peke yake mpaka daktari aseme hatari imeondoka. Akinywa dawa zimfaazo, mara nyingi haipiti wiki chache. Watu wa nyumba wakapimwe, watoto wadogo kwanza. Na dawa, ambazo kwa kawaida ni za miezi 6, asiziache kwa kuona nafuu.

Ama kipindupindu, hicho ndicho cha maji na vyombo. Chemsha maji ya kunywa, nawa kwa sabuni utokapo chooni na kabla ya kula, na amuuguzaye asiguse chakula cha wenziwe kabla ya kunawa. Kila maradhi yana mlango wake. Ujue wa kuufunga, usije ukafunga mlango wa huruma.

Mgonjwa naye ana wajibu. Kuugua si kosa, hakuna wa kumlaumu kwalo. Lakini akijua, kisha akaficha kwa kuona haya, akalala na watoto chumba kimoja, amewadhuru wasio na hatia. Nasi tunaomcheka mgonjwa ndio tunaomfundisha kuficha, basi tuna fungu letu katika dhambi ile.

Ndugu yangu, mpelekee bibi chakula chake kwa mkono wako. Keti naye uani penye upepo, mzungumze. Kumzuru mgonjwa ni haki yake juu yako, na hapana tabibu aliyeifuta haki hiyo.