Msalaba, mchwa na jina langu



Huko Uingereza kuna msitu unaitwa Grizedale. Tangu 1977 wasanii wamekuwa wakialikwa kufanya kazi humo humo, wengi kwa miti na mawe ya hapo hapo. Mwaka 1990 Andy Goldsworthy alijenga ukuta wa mawe unaojipinda katikati ya miti: ukuta ndio unaoupisha mti. Kazi nyingi za mbao zimeshaoza, na waliozichonga walijua zitaoza.

Nilipolisoma hilo nilijiuliza, msitu wa Mungu una upungufu gani hadi tuuongezee kitu? Lakini Mwanzo 2:15 inatuambia mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Basi mkono wetu si dhambi. Labda shida ni jina.

Maana mimi mwaka jana nilichonga msalaba wa mbao ya mwembe, nikausimamisha kwenye miti tunakosalia rozari. Nyuma nikaandika jina langu (ndiyo, kwa herufi kubwa), halafu vanishi mara tatu. Sasa mchwa wameanza kupanda. Nimenunua dawa. Ila namlinda Kristo, au najilinda mwenyewe? Chupa iko chini ya kitanda, sijaifungua.