Mtoto Aliyepitilizwa Mombo

Ukifika stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, wiki ile shule zinapofungwa Desemba, utasikia ombi moja likirudiwa mlangoni pa basi baada ya basi: "Dada, naomba uniangalizie huyu mtoto, anashuka njiani." Anayeombwa hamjui mtoto wala mzazi. Anaitikia kwa moyo mkunjufu, kondakta anapewa namba ya simu kwenye kipande cha karatasi na hela kidogo ya soda, basi linaondoka. Mara nyingi mtoto anafika salama, na kwa kuwa anafika, hakuna anayejiuliza amefikaje.

Nasimulia habari ya mtoto wa dada yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyetumwa kumpokea.

Alikuwa na miaka 9, darasa la tatu. Kwa mara ya kwanza angesafiri bila mama wala baba, kutoka Dar es Salaam kwenda kwa bibi yake Lushoto. Alikuwa ameiomba safari hiyo tangu mitihani haijaanza, na usiku wa kuamkia siku yenyewe alilala na viatu miguuni. Basi lilikuwa la Arusha. Mpango ulikuwa ashuke Mombo, pale barabara ya kupanda Usambara inapoanzia, nimchukue tupande wote kupitia Soni. Mama mmoja wa kiti cha jirani aliahidi kumwangalia. Kondakta akaipokea ile karatasi ya namba, akaitia mfuko wa shati.

Walipofika Mkata ya Handeni, basi likaharibika. Wakakaa juani, kisha abiria wakafaulishwa kwenye basi jingine. Mabegi yakahamishwa kutoka buti hadi buti, hakuna lililosahauliwa. Karatasi ya namba ilibaki kwenye mfuko wa shati la kondakta wa kwanza. Yule mama alishuka Korogwe, na namshukuru kwamba hakushuka kimya: alimwambia kondakta mpya, "Huyu mtoto anashuka Mombo." Kondakta akajibu, "Sawa, mama," huku akibishana na watu waliokuwa wakidai chenji. Mtoto, ambaye usiku hakupata usingizi wa maana, alikuwa amelala fofofo amekumbatia begi lake. Mombo ikapita. Basi likaambaa na milima, likavuka kutoka mkoa wa Tanga hadi Kilimanjaro, na alipozinduka akauliza, "Tumefika Mombo?" walikuwa wanaingia Same.

Kilichofuata ndicho kinachoniuma hadi leo. Badala ya kumpeleka kituo cha polisi, au hata kumkabidhi kwa mtu wa ofisi ya stendi, kondakta alimteremsha na begi lake akamwambia asubiri gari la kurudi. Walikuwa wamechelewa Arusha.

Mama mmoja muuza chakula hapo stendi alimwona amesimama penye jua, halii, anatazama kila gari linaloingia. Akamwita, akamkalisha nyuma ya masufuria yake, akampa chai na chapati kabla ya swali lolote. Kisha akaanza kuuliza.

"Unaenda wapi, baba?"

"Kwa bibi."

"Bibi yako anaitwa nani?"

"Bibi."

"Anakaa wapi?"

"Juu mlimani."

Sasa ukiwa Same na ukasema "juu mlimani", mtu atafikiria Upare, kwa maana milima ya Upare iko pale pale juu ya mji. Hakuna ambaye angewaza Usambara. Alipoulizwa jina la mama yake, alimtaja kwa jina la mtoto wa kwanza, kama mtaa mzima unavyomwita. Jina la baba alilijua moja tu, na wenye jina hilo nchi hii hawahesabiki. Namba ya simu hakuwa nayo kichwani. Alikuwa mtoto mwerevu, anajumlisha na kutoa vizuri, lakini hakuna aliyewahi kumfundisha kujieleza mbele ya mtu asiyemfahamu.

Maswali yale yalisikiwa na watu waliokuwa karibu. Kijana mmoja akajitokeza, akasema anamjua huyo bibi, apewe mtoto ampeleke kwa pikipiki. Yule mama akamuuliza, "Anaitwa nani?" Kijana akababaika. Mama akafunika vyakula vyake, akamshika mtoto mkono, akampeleka mwenyewe polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto.

Mimi nilikuwa Mombo. Mabasi yalikuwa yanapita, na namba ya kondakta wa kwanza ilipopatikana ndipo tukajua kwamba watu walifaulishwa. Nilikwenda kituo cha polisi hapo hapo. Wapo wanaoamini kwamba lazima saa 24 zipite kwanza ndipo mtu atoe taarifa. Mtoto hasubiriwi hata saa moja. Askari akapiga simu vituo vya mbele barabarani, na Same wakajibu kwamba wana mtoto wa sweta la bluu anayetafuta bibi. Nilimkuta giza limeingia, anakula tena.

Tangu hapo, kila nikisimulia habari hii, mtu mzima mmoja hakosi kusema, "Mbona sisi tulisafiri wenyewe?" Ni kweli walisafiri. Miaka ya 1970 na 1980 kijana aliyetoka tu darasa la saba aliweza kupangiwa sekondari upande wa pili wa nchi. Wa Bukoba alipanda MV Victoria hadi Mwanza, akaingia treni, akapita Tabora, akalala njiani, akafika Dar es Salaam na pengine bado ana safari ya kusini mbele yake. Lakini tukumbuke vizuri. Alikuwa na waranti ya serikali mkononi, karatasi iliyoonyesha ni nani na anakwenda wapi. Alikuwa na kundi, na ndani ya kundi kulikuwa na wa kidato cha tatu walioijua njia na kuwahesabu wadogo kila kituo. Wazazi wake hawakuwepo, lakini peke yake hakuwa. Sisi tumeshika ile sehemu ya kumwachia mtoto asafiri, tumeiacha ile ya kumwekea watu na jina.

Wala sisemi watoto wafungiwe ndani. Huyu wetu alikuwa anapanda daladala kwenda shule kila siku, ananing'inia na wenzake, na hajawahi kupitilizwa kituo, kwa sababu mtaa wake anaujua. Barabara kuu hakuijua. Hakuna aliyemwambia kwamba baada ya Segera inakuja Korogwe, na ukitoka Korogwe uanze kukaa macho. Hakujua kwamba simu 116 ni ya bure na ni ya watoto. Hakujua kwamba akipotea amwendee mama mwenye meza yake, anayejulikana na majirani wa biashara, na asimfuate anayepita njia. Bahati tu ilimpeleka mahali sahihi. Kwa maoni yangu miaka 9 ni mapema mno kwa njia ndefu kama ile, hata akiyajua yote hayo. Aanze na safari fupi, mkubwa akiwa viti viwili nyuma yake bila kumsemesha.

Likizo iliyofuata dada yangu alipita naye Same kumshukuru yule mama, wakampelekea kitenge na peasi za Lushoto. Mama alipokea, akawakaribisha chakula, kisha akamuuliza dada jambo moja tu: ilikuwaje mtoto hajui jina la bibi yake? Dada alikosa jibu. Siku hizi mtoto yeyote wa ukoo wetu akikaribia kupanda basi la Usambara, bibi mwenyewe hupiga simu usiku ule, huuliza, "Mimi naitwa nani, na kijiji changu ni kipi, kata gani?" Na akijibiwa "Bibi", hurudia swali.