Kabla Hamjampeleka Baba Kituoni

Watu watasema, na waseme. Kumpeleka mzazi mwenye ugonjwa wa Parkinson kwenye kituo cha malezi si laana, na kumweka chumba cha uani chini ya dada wa kazi asiyejua hata jina la ugonjwa hakuleti radhi. Ndugu hugombania aibu usiku kucha, asiulize hata mmoja kama huko aendako patamfaa.

Mkienda kukagua, msishangae vigae na maua. Ulizeni saa za dawa. Mgonjwa huyu huishi kwa levodopa, ambayo nguvu yake hudumu saa chache tu. Ikichelewa, mwili hukakamaa, kujigeuza kitandani kunamshinda. Kituo kinachowapa wote dawa kwa mkupuo mmoja, asubuhi na jioni, hakimfai, hata kiwe na bustani ya kifalme. Ulizeni pia wanafanyaje mgonjwa akiweweseka usiku. Wakisema humchoma haloperidol atulie, tafuteni pengine: dawa hiyo huzuia kazi ya dopamini, na dopamini ndiyo ubongo wake uliyopungukiwa. Na nani anajua kumlisha mtu anayepaliwa? Chakula kikiingia njia ya hewa huleta nimonia, na nimonia huwaondoa wengi wao.

Lakini kuna jambo linalotangulia yote hayo, nalo naona linadharauliwa mno. Parkinson hukakamaza uso na kufifisha sauti. Mzee hatabasamu, hakunji uso, jibu lake huchelewa. Basi wanawe huanza kumpangia maisha mbele yake, kana kwamba hayupo. Wapo wanaopotewa na kumbukumbu ugonjwa ukikomaa, ila wengi husikia kila neno na huumia. Kaeni naye wakati dawa imekolea, zimeni televisheni, muulizeni anataka nini, kisha nyamazeni mpaka ajibu, hata kimya kiwachome. Akikataa, ana sababu, isikilizeni. Kaka anayetuma fedha kutoka Maskati atoe maoni yake kama wengine. Kumaliza shauri kwa simu hana haki hiyo, ingawa ndiye mlipaji.

Akikubali, mkabidhini muuguzi wa zamu ratiba ya dawa kwa maandishi, saa kwa saa. Halafu nendeni kumtazama bila kutoa taarifa, siku ya kazi, wakati wa chakula cha mchana.