Mgeni wa Pwani na Kalenda ya Mwezi

Makao makuu ya Mkoa wa Pwani hayana pwani. Kibaha imekaa kando ya Barabara ya Morogoro, na maji yake makubwa ni ya Mto Ruvu. Kisarawe nayo, tangu Mkuranga imegwe ikawa wilaya inayojitegemea, imebaki na vilima na misitu ya Pugu na Kazimzumbwi. Lakini mwalimu aliyehamishiwa Kibaha kutoka bara, au familia iliyonunua kiwanja Kisarawe, haikai muda mrefu kabla ya kusikia jirani akisema: Jumamosi twendeni Bagamoyo, au Kisiju, tukavue.

Kosa la kwanza liko hapo kwenye Jumamosi.

Bahari hufuata mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana. Katika mwambao huu, siku hizo maji hupwa kabisa karibu saa 4 asubuhi, kisha kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na sehemu kubwa ya mwamba haitoki. Mgeni aliyekuja na ndoo siku hiyo atarudi nayo tupu. Heri angebeba mshipi na chambo cha kamba au ngisi, akajaribu bahati ya changu na tasi.

Kwenye bamvua, wanaotangulia mwambani mara nyingi ni wanawake, kanga zimefungwa kiunoni, kijiti mkononi. Anayejua kazi hupita taratibu akichungulia matundu. Penye makombe yaliyovunjika na vijiwe vilivyorundikwa mlangoni, pweza yumo, na yale ni mabaki ya mlo wake. Kwenye mikoko, chaza hubanduliwa kwa kisu, mmoja mmoja. Wapo wanaokata mzizi mzima ili wamalize haraka, na huo ni uharibifu, kwa sababu chaza wa mwakani wangeota palepale.

Mwamba ule ni shamba la watu. Ndiyo maana hodi hupigwa kwanza kwa uongozi wa kijiji na kwa BMU, kikundi kinachosimamia uvuvi wa eneo hilo, na habari za leseni huulizwa kwa ofisa uvuvi wa wilaya. Mgeni mwenye adabu hupata zaidi ya ruhusa: ataonyeshwa njia isiyo na matope, ataonywa kuhusu taa mwenye mwiba aliyejifukia mchangani, ataambiwa avae viatu na asiokote kila konokono mwenye rangi nzuri, maana wapo wenye sumu kali.

Sheria nayo ipo. Tanzania Bara, pweza wa chini ya gramu 500 haruhusiwi kuvuliwa. Kokoro na baruti ni marufuku, na visiwa vya Bongoyo na Mbudya ni maeneo tengefu. Pweza hukua upesi. Kule Kisiwa Panza, Pemba, wanakijiji wamewahi kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Mgeni wa siku moja anashindwaje kumwacha mdogo?

Na wenyeji wakianza kurudi, ndugu mgeni, rudi nao. Maji ya bamvua hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yako, wakati mwamba uliosimama juu yake bado ni mkavu.