Breki ya Mkono wa Kulia

Kisa hiki kilitokea Lushoto, katika milima ya Usambara. Mwenyewe ameniruhusu kukisimulia ilmradi nisitaje jina lake wala la kijiji. Anaongoza wageni wanaotembelea vijiji kwa baiskeli za mlimani, na ni kijana makini anayezijua njia za huko tangu alipokuwa akipeleka mbuzi malishoni. Kwa sababu hiyo nimeona kisa chake kinafaa kuandikwa. Angekuwa mzembe, tungemlaumu yeye tu na kuendelea na mambo yetu.

Mgeni anayefika Lushoto huogopa ukingo wa mlima. Ukisimama Irente, ardhi inakatika ghafla miguuni pako, na chini kabisa unaiona tambarare ya Mazinde. Waongozaji wanaijua hofu hiyo, hivyo maonyo yao mengi huyatoa ukingoni. Ajali ninayoisimulia ilitokea kijijini, mahali pasipo hata korongo, kwenye njia ya watu wawili kupishana kati ya migomba na mahindi.

Ilikuwa mwezi wa Machi, masika yanaanza, na usiku mvua ilinyesha. Wageni walikuwa wanne kutoka Ujerumani. Mpango ulikuwa waanzie pembeni mwa msitu wa Magamba, wateremke kupitia vijijini, gari liwapokee upande wa Soni, na mchana huohuo waanze safari ya Dar es Salaam. Chai ilichelewa, na saa tatu ikawakuta bado uwanjani.

Fundi alipokuwa akiwarekebishia viti, mgeni mmoja alizunguka uwanja kuijaribu baiskeli yake. Alipotaka kusimama alibana breki, gurudumu la nyuma likanyanyuka, nusura aangukie uso. Watu walicheka, naye akacheka. Nami ningekuwepo ningecheka. Hakuna aliyemuuliza amebana mkono upi.

Na hapo ndipo penye jambo lenyewe. Kwetu, kama ilivyo Uingereza, breki ya mbele kwa kawaida hufungwa mkono wa kulia. Ujerumani na Marekani ni kinyume: wa kulia ni wa nyuma. Mtu aliyeendesha tangu utotoni hafikirii mkono gani abane, vidole vinajua vyenyewe. Mgeni huyo alipotaka kupunguza mwendo taratibu kwa gurudumu la nyuma, alikuwa akilifunga la mbele. Kwenye tambarare kavu atayumba tu. Kwenye mteremko, uzito wote umeshaelemea mbele, na udongo mwekundu ukilowa unateleza kama mlenda. Kwa breki za waya, fundi angeweza kuzibadilisha upande kwa muda mfupi. Ikishindikana hilo, angemzungusha mgeni uwanjani mpaka vidole vizoee. Lakini muda ulikuwa umekwenda, wakaondoka.

Dalili ya pili ilikuja kwenye mgahawa mdogo njiani. Mzee mmoja, baada ya kupokea shikamoo yake, alimwambia kijana kwamba leo ni gulio, njia ya chini ina watu, afadhali wazungukie barabara ya magari. Mwongozaji alimshukuru kwa heshima zote, kisha akapiga hesabu ya saa. Kuzunguka kungewachelewesha. Wakashuka kwa njia ileile.

Mbele kidogo kulikuwa na mbuzi aliyefungwa upande mmoja wa njia, akila upande wa pili, kamba imekatiza katikati. Mwongozaji aliiona akakwepa. Mgeni yule wa uwanjani aliiona kwa kuchelewa, akabana, baiskeli ikasimama kwa pua, mguu ukamwokoa. Kijana aligeuka, akasema pole, akaendelea. Aliniambia kuwa dakika hiyo ndiyo inayomkosesha usingizi kuliko ajali yenyewe, maana mara mbili baiskeli ilikuwa imemwonyesha tatizo lilelile, na mara zote mbili akaona ni la mgeni kutozoea.

Tuwe wakweli hapa. Anayeongoza watu hulipwa afike. Wageni wana ratiba, dereva anasubiri, bosi anapiga simu. Kusimama katikati ya njia na kusema "tushuke tutembee" kunaonekana kama kukiri kwamba hujui kazi. Sijui wangapi kati yetu tungesimama.

Kwenye mteremko wa mwisho kabla ya gulio, mama mmoja alikuwa mbele yao, ana tenga la mapeasi kichwani. Watu wa milimani wameizoea bodaboda. Inanguruma, wanaisikia kona mbili kabla, wanasogea pembeni. Baiskeli nzuri haina mngurumo, na juu ya udongo laini hata tairi halisikiki. Tena mtu mwenye tenga kichwani hawezi kugeuza shingo kutazama nyuma, lazima azungushe mwili mzima, taratibu. Watoto walikuwa wameshaona wageni na kukimbilia njiani wakipiga kelele, kwa hiyo mama akaangalia kule kwenye kelele, mbele yake. Mwongozaji alimpita kwa salamu. Akadhani wa nyuma wanapunguza mwendo.

Baiskeli ikienda kilomita 30 kwa saa hupita zaidi ya mita 8 kila sekunde. Mgeni alipomwona mama, alibana mkono wa kulia kwa nguvu zote. Gurudumu la mbele lilijifunga, yeye akarushwa juu ya usukani, na baiskeli ikateleza peke yake hadi kwenye miguu ya mama. Mgeni alivunjika mtulinga. Mama alivunjika kifundo cha mguu. Mapeasi yake yaliviringika mpaka mtoni.

Sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa kwenye gari, Soni. Nyuma ya kundi hapakuwa na msaidizi, kwa hiyo mgeni wa mwisho hakujua kilichotokea mpaka alipofika penye umati. Vijana wa gulio ndio waliotengeneza machela kwa miti na kanga, wakambeba mama hadi barabarani, mwendo wa karibu saa nzima, ndipo wakapata gari la kuwapeleka wote wawili hospitali.

Siku chache baadaye kulikuwa na kikao kwenye ofisi ya mtendaji wa kijiji. Wenye biashara ya kuongoza wageni walikwenda na fedha za matibabu, wakidhani ndilo litakalozungumzwa. Mama, mguu ukiwa kwenye plasta, aliuliza kwa nini hawakuita. Kila anayepita nyuma ya mwenye mzigo huita, hata mtoto anajua. Kisha akauliza nani atalima mahindi yake masika haya. Swali la pili lilichukua muda mrefu kulijibu. Mwishowe walikubaliana kulipa vibarua wa palizi, na kijiji kikapiga marufuku baiskeli za wageni kwenye njia ile siku za gulio.

Ndugu zangu mnaofanya kazi hii, iwe Usambara, Marangu au kwingine kokote penye njia za miguu, msimwache mgeni atoke uwanjani kabla hajabana breki moja moja mbele ya macho yenu. Mzee wa njiani akikuambia leo njia ina watu, amekupa taarifa ambayo hakuna ramani itakayokupa. Na sisi tunaokwenda kama wageni katika nchi yetu wenyewe, maana siku hizi tunakwenda, tumpe mwongozaji nafasi ya kuchelewa. Haraka yetu yeye huibeba mgongoni.

Kijana huyo bado anaongoza. Siku hizi amefunga kengele kwenye kila usukani, ana msaidizi anayekuja nyuma na begi la dawa, na wakifika nyumba ya kwanza ya kijiji wote hushuka na kukokota baiskeli, mpaka nyumba ya mwisho. Baadhi ya wageni hununa kwamba walilipia kuendesha, si kutembea. Anawaacha wanune.