Shahidi mkweli naye hukosea

NDUGU zangu katika imani, tumezoea kwamba shahidi akiwa mcha Mungu, asiyejulikana kwa uongo, basi neno lake limekwisha. Akisema "nimemuona kwa macho yangu", nani atambishia? Kauli hiyo tuitazame leo, maana katika mitaa yetu imeshaua watu.

Mwaka 1984, mjini Burlington katika jimbo la North Carolina, Marekani, mwanafunzi wa chuo mwenye umri wa miaka 22 alivamiwa nyumbani kwake usiku na mtu mwenye kisu, akabakwa. Katika dhiki ile alijilazimisha kuikariri sura ya mtu yule, ili akinusurika aje amtambue. Polisi walipomuonyesha picha akamchagua Ronald Cotton. Kwenye gwaride la utambulisho akamchagua tena, na akaambiwa kuwa ndiye yule yule wa kwenye picha. Shaka yote ikamtoka. Cotton akafungwa maisha.

Mwaka 1987 kesi ikasikilizwa upya. Safari hii aliletwa mahakamani mfungwa mwingine, Bobby Poole, aliyedaiwa kujigamba gerezani kuwa kosa lile ni lake. Mwanamke yule akamtazama, akasema hajapata kumuona. Cotton akarudishwa jela. Mwaka 1995 kipimo cha vinasaba kikaonyesha kuwa mbakaji ni Poole. Cotton alikwishakaa ndani zaidi ya miaka 10.

Mwanamke huyu hakusema uongo hata mara moja. Sura aliyoiona usiku ule ilikwishafunikwa na ile ya kwenye picha, na kila alipoikumbuka ilizidi kukaa. Wala si yeye peke yake. Kati ya mamia ya watu walioachiwa Marekani kwa kipimo hicho, zaidi ya nusu walifungwa kwa kutambuliwa kimakosa na mashahidi.

Wanavyuoni wetu wa hadithi walilijua jambo hili zamani. Hawakutosheka na uadilifu wa mpokezi. Waliuliza pia juu ya dhabti yake, yaani umakini wa kuhifadhi. Mtu aliweza kuwa mchamungu wa kukesha katika ibada, na hadithi zake zikawekwa kando kwa sababu anachanganya. Abdullah bin Lahi'a, kadhi wa Misri aliyefariki mwaka 174 Hijria, ni mfano maarufu. Imeelezwa kuwa vitabu vyake viliungua, akawa anasimulia kwa kichwa, akakosea. Wengi wakazidhoofisha riwaya zake. Hakuna aliyeona kuwa huko ni kumvunjia heshima.

Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqara, inaamrisha deni liandikwe, na inamtaja waziwazi shahidi anayepotea akakumbushwa na mwenziwe. (Sisi tunakopeshana kwa "wewe ndugu yangu", kisha tunashitakiana.) Katika Surat Yusuf nako, tuhuma ya mke wa mkubwa yule haikuamuliwa kwa maneno matupu. Iliangaliwa kanzu imechanika upande gani.

Sasa njoo sokoni kwetu. Mmoja anapiga kelele "mwizi!" na kumnyooshea kidole kijana. Wanaofika mbio hawakuona kitu, lakini baada ya dakika tano kila mmoja anasimulia alivyomuona akipora. Na wala hawadanganyi, wameshajiaminisha. Linatafutwa tairi, inaletwa petroli. Miongoni mwao yumo aliyetoka kuswali Alasiri muda ule ule, kofia bado iko kichwani, na huenda aya ya 36 ya Bani Israil anaijua kwa moyo, kwamba masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa.

Cotton alitoka jela akiwa hai. Mwanamke yule alimfuata akamuomba radhi, naye akamsamehe. Huyu wetu wa tairi tutamuomba radhi wapi?