Utu Hautiwi Mizanini

Ringwani, katika mkoa wa Mara, ni nchi ya mashamba na mifugo. Katika nchi kama hiyo unene huhesabiwa dalili ya neema, na mkondefu huulizwa ni nini kimsibucho. Yaweza kudhaniwa kuwa sifa hiyo ni kinga ya maradhi ya kujinyima chakula kwa kuuchukia mwili. Mambo ya Fiji yaikanusha dhana hiyo. Huko nako unene ulitukuzwa. Televisheni ilipoingia Nadroga mwaka 1995, hapana msichana wa shule katika walioulizwa aliyejitapisha ili akonde. Mwaka 1998 walikuwa kama 11 katika kila 100.

Kinga ilishindwa kwa sababu kosa lilitangulia. Asifuye unene na asifuye wembamba hutofautiana kwa kipimo tu. Wote wawili huitundika heshima ya mtu katika mwili wake, na kuyafanya macho ya wengine kuwa kadhi. Mara nyingi mgonjwa hajinyimi kwa kiburi. Hujiona si kitu, akatumaini kuwa akipungua atastahili kupendwa. Daktari na autibu mwili wake. Lakini jamaa wamwambiao kuwa akinenepa atapendeza humrudisha katika mizani ile ile. Ajue kwanza kuwa alistahili kupendwa kabla hajapimwa.